Saa za Hewani na Saa za Safari

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege ni muda gani? Muulize wakala yeyote wa tiketi, atakujibu: saa moja na nusu. Hajakudanganya. Kati ya viwanja vya miji hiyo miwili kuna kilomita 850 na ushei kwa mstari ulionyooka, na ndege ya jeti huzimaliza ndani ya muda huo. Lakini mtu anayekaa Mbagala, anayekwenda kumuuguza mzazi wake Magu, hatumii saa moja na nusu. Ana foleni ya barabarani, ana kaunta ya kusajili abiria, ana kusubiri ukumbini, ana kuruka, ana kusubiri begi upande wa pili, kisha atafute gari la kwenda Magu. Akifika mlangoni kwa mzazi, saa saba zimekwisha, na hapo mambo yamemwendea vizuri.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu watu huumizwa na hesabu ya hewani. Wapo wanaofika msibani kaburi limeshafukiwa, wanaopoteza siku ya kumwona daktari waliyoisubiri kwa miezi, wanaoikosa ndege ya pili na kuambiwa wanunue tiketi mpya. Wengi wao tiketi waliiangalia, tena zaidi ya mara moja. Ila hakuna aliyewaeleza tarakimu zile zinapima nini.

Tuanze na muda wenyewe. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoachia maegesho yake na huisha inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Ndani yake mna kutambaa ardhini, kusubiri zamu ya kuruka, na dakika kadhaa ambazo shirika limeziongeza makusudi ili likichelewa kidogo bado lionekane limewahi. Kwa hiyo saa ya kuondoka si saa ya kupanda. Lango hufungwa kama robo saa kabla, na kaunta ya mizigo hufungwa mapema zaidi: mara nyingi dakika 60 kabla kwa safari za nje, na dakika 30 hadi 45 kwa safari za ndani. Ukifika uwanjani ndege ikiwa bado iko mbele ya macho yako lakini kaunta imefungwa, umeachwa.

Sasa umbali. Msafiri asiupuuze, kwa sababu ndio kipimo cha kukagulia alichouziwa. Kwa ndege za jeti, hesabu ni hii: gawa kilomita kwa 800, upate saa, kisha ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Dar es Salaam hadi Dubai ni kama kilomita 3,980. Gawa kwa 800, ni karibu saa tano. Ongeza nusu, saa tano na nusu. Nairobi hadi London Heathrow ni kama kilomita 6,840: saa nane na nusu, ongeza nusu, saa tisa. Linganisha na ratiba, utaona hesabu haipotei mbali. Kwa hiyo ukiletewa tiketi ya Dar es Salaam kwenda Dubai inayosema saa tisa, usilipe kabla hujauliza: inatua wapi njiani, na nitakaa hapo kwa muda gani? Usiridhike kuambiwa kwamba ni ndege ya moja kwa moja. Ndege inaweza kuwa ileile, namba ileile na kiti kilekile, lakini ikatua Zanzibar au Kilimanjaro kuchukua abiria wengine kabla ya kuondoka nchini.

Aina ya ndege nayo hubadilisha hesabu. ATR 72, ile ya pangaboi inayotumika sana katika safari za mikoani, hukimbia kama kilomita 500 kwa saa. Ukipangiwa hiyo kwenda Mwanza, saa moja na nusu inasogea kuelekea mbili. Cessna Caravan, ndege ndogo za visiwani na mbugani, zina kasi ya kilomita 300 na kitu tu kwa saa, na begi lako hupimwa kwa ukali zaidi. Hakuna ubaya wowote katika ndege hizo. Ni kuzijua tu kabla ya kupanga mkutano wa saa tano asubuhi.

Usipime umbali kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Ramani imeinyoosha dunia, na dunia ni duara. Chukua mpira, nyoosha uzi juu yake kutoka Nairobi hadi New York, utaona uzi unaelekea kaskazini-magharibi na kulikata jangwa la Sahara, wakati kwenye ramani ungedhani ndege itapita katikati ya Atlantiki. Umbali huo ni kilomita 11,800 na zaidi. Angalia pia kipimo kilichotumika, maana urefu wa Dar es Salaam hadi Dubai unaweza kuandikwa 3,980 kwa kilomita, 2,470 kwa maili za barabarani, au 2,150 kwa maili za baharini ambazo marubani huzitumia, na safari ni ileile moja.

Kuna na upepo. Juu sana, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, Ulaya na Atlantiki ya Kaskazini hupitiwa na mkondo mkali wa upepo utokao magharibi kwenda mashariki, ambao nguvu zake huzidi wakati wa baridi na unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inayokwenda Marekani huukabili, inayorudi husukumwa nao. Ndiyo maana safari ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 28, 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na karibu 14 kurudi. Huku kwetu karibu na ikweta mkondo huo haufiki, hivyo Dar es Salaam kwenda Nairobi na kurudi muda hautofautiani kwa kiasi cha kukusumbua. Wajukuu wa manahodha waliongoja kaskazi iwalete kutoka Oman na kusi iwarudishe wanavuka maji yaleyale kwa saa tano na nusu, mwezi wowote.

Eneo linaloumiza watu kuliko yote ni saa za nchi. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji unaotajwa nayo: ya kuondoka ni ya mji unaotoka, ya kufika ni ya mji unaokwenda. Tanzania, Kenya na Uganda tuko pamoja. Rwanda, Burundi na mashariki yote ya Congo wako saa moja nyuma yetu. Chukua Dar es Salaam na Kigali, umbali wa kama kilomita 1,145, safari isiyofika saa mbili. Ukiondoka 10:00 utafika 10:55 kwa saa ya Kigali, na mtu asiyejua atadhani safari ni ya dakika 55. Wakati wa kurudi, ukiondoka 12:00 unafika 14:55, na mtu huyohuyo atalalamika kwamba ndege ya kurudi ni mbovu. Wala huhitaji kuvuka mpaka ili yakukute. Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi, na kati yao kuna kilomita kama 1,560. Ukiondoka Kinshasa 08:00 utafika Lubumbashi 11:30 hivi. Ukigeuza 13:00 utakuwa Kinshasa 14:30. Ndege ni ileile na mwendo ni uleule, huku karatasi inaonyesha saa tatu na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi.

Kwa wanaopeleka wagonjwa India, kumbukeni kwamba India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu husahaulika sana. Dar es Salaam hadi Mumbai ni kama kilomita 4,680, saa sita na ushei angani. Ukiondoka 10:00 asubuhi, unatua Mumbai karibu 19:00 kwa saa yao. Giza limeingia, na mwenyeji wa hospitali huenda ameshaondoka kazini. Kama mgonjwa anatumia dawa za kupishanisha saa, kama insulini au dawa za kifafa, dozi ihesabiwe kwa muda uliopita tangu dozi iliyotangulia, si kwa saa mpya ya ukutani. Mwulizeni daktari wake kabla ya safari, awaandikie ratiba, na dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Ghuba ni nafuu. Doha na Riyadh wana saa moja na sisi. Dubai na Muscat wametutangulia kwa saa moja. Istanbul na Addis Ababa nao wako sawa na sisi mwaka mzima. Ulaya ndiko kwenye kazi, maana saa zao husogezwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nasi hatusogezi chochote. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi chao; Ujerumani, Uholanzi na Ufaransa mbili na moja. Wamarekani husogeza zao kwa tarehe nyingine, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo zipo wiki chache ambazo hesabu uliyoizoea ya kumpigia simu ndugu yako Minnesota haifanyi kazi. Tiketi iliyokatwa Januari kwa safari ya Aprili isomwe upya ikifika Aprili.

Na hata kabla ya saa za nchi, tuna yetu ya nyumbani. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Kuigeuza si kazi: kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6, kuanzia 19:00 toa 18, kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza 6. Basi 14:20 ni saa 8 na dakika 20 mchana, 21:00 ni saa 3 usiku, 04:30 ni saa 10 na nusu alfajiri. Andika kwa kalamu pembeni ya tiketi, hasa kama unamkatia mzee anayekaa kijijini. Usimsomee kwenye simu ukadhani ameshika.

Hatari nyingine kubwa ni tarehe. Ndege nyingi za masafa marefu huondoka kwetu usiku mwingi, na tiketi ikisema Jumatano 00:40, maana yake ni usiku wa kuamkia Jumatano. Uwanjani unatakiwa Jumanne, saa 3 na nusu usiku. Watu husoma Jumatano, wakalala Jumanne kwa utulivu, wakaaga majirani Jumatano mchana, wakafika uwanjani Jumatano usiku na kukuta ndege yao imeshatua Ulaya tangu asubuhi. Tiketi yoyote ambayo saa yake inaanza na 00, 01, 02, 03 au 04, usiseme tu siku yake. Sema "usiku wa kuamkia" na utaje siku, uwaambie hivyo dereva, wenyeji na ofisini.

Tuipange safari moja hatua kwa hatua. Chukulia mama anatoka Morogoro kumtembelea mwanawe Muscat, na tiketi inasema Alhamisi 04:30 kutoka Dar es Salaam. Umbali ni kama kilomita 3,970, saa tano na nusu. Anatua saa 4 asubuhi kwa saa yetu, ambayo Muscat ni 11:00, saa 5 asubuhi. Kaunta anatakiwa awe mbele yake saa 7 na nusu usiku, na usiku huo si wa kutafutia usafiri kutoka Morogoro. Aondoke Jumatano saa 10 jioni kwa treni au basi, ale na kupumzika kwa ndugu mjini, kisha apelekwe uwanjani na mtu anayemjua. Muscat atapanga foleni ya uhamiaji na kusubiri begi, atoke nje saa sita mchana ya kwao. Jumla ni saa 19 tangu alipofunga mlango wake. Ukimwambia mama mapema kwamba ni saa 19, atabeba koti, dawa na chakula cha kumtosha. Ukimwambia ni saa tano na nusu, atafika amechoka na ana njaa.

Kwa safari fupi, swali linageuka: je, ndege inafaa hata kidogo? Dar es Salaam na Dodoma ni kilomita 390 hewani, saa moja na dakika chache. Ukianzia Kijitonyama, ongeza saa moja ya foleni, saa moja na nusu hadi mbili za uwanjani, na nusu saa ya kutoka. Unakaribia saa nne na nusu. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya miji hiyo mwaka 2024, huchukua saa tatu na nusu hivi hadi nne, na huanzia katikati ya jiji. Hapo mimi napanda treni bila kusita. Nairobi na Mombasa ni kinyume chake. Treni iliyozinduliwa mwaka 2017 inahitaji saa tano au sita, na stesheni zake za Syokimau na Miritini ziko nje ya miji kama vilivyo viwanja vya ndege, kwa hiyo ukitafuta muda, ndege inashinda; ukitafuta bei na kuiona Tsavo dirishani, treni. Zanzibar ni kilomita 73 tu kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, dakika 20 hewani, wakati boti ya kasi hutumia chini kidogo ya saa mbili. Lakini boti hutoka Posta na kukushusha Malindi. Kwa anayeanzia Kariakoo kwenda Mji Mkongwe, tofauti ya kweli ni ndogo sana. Kwa anayetua kutoka Mbeya na kuunganisha hapohapo uwanjani, apande ndege.

Jina la mji lisikutoshe. Soma herufi tatu za uwanja. Arusha ina uwanja wake pale Kisongo, ARK, na uko mwingine, Kilimanjaro, JRO, ulio njiani kati ya Arusha na Moshi, mwendo wa saa moja hivi kutoka kila mji. Nairobi kuna Jomo Kenyatta, NBO, na Wilson, WIL, ambako ndege nyingi ndogo za Maasai Mara na Lamu huondokea. Ukitua uwanja mmoja na kutakiwa uondokee mwingine, jipe nusu siku. London ni balaa zaidi: ukitua Gatwick na kuondokea Heathrow, lazima uingie Uingereza, na kwa wenye pasipoti zetu hiyo ni viza. Tiketi ya bei nafuu ya namna hiyo imewarudisha watu nyumbani kabla hawajapanda hata ndege ya kwanza.

Kuunganisha ndege kunahitaji maelezo yake. Tiketi ikiwa moja na ndege ya kwanza ikichelewa, ni jukumu la shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua mbili tofauti, moja ya kutoka Mbeya na nyingine ya kwenda Ulaya, hasara ya kuchelewa ni yako peke yako, na begi utalichukua na kulisajili upya. Pale Julius Nyerere, jengo la tatu lililofunguliwa mwaka 2019 ni la safari za kimataifa, na si lilelile abiria wengi wa ndani wanaloshukia. Kwa tiketi mbili tofauti nashauri saa sita za nafasi mchana wa kiangazi, na kulala Dar es Salaam kabisa wakati wa masika. Baadhi ya viwanja vya mikoani havina taa za kuongozea ndege usiku. Ndege ya jioni ikichelewa kidogo tu hadi jua likazama, safari hiyo inasogezwa hadi kesho yake. Ndiyo sababu, kwa mikoa hiyo, ndege ya asubuhi ina thamani kuliko nafuu ya bei ya ile ya jioni.

Kwa wanaopokea wageni: msiombe tu saa ya kufika, ombeni namba ya ndege, ili muifuatilie mtandaoni au muwaulize watu wa uwanjani. Kutua si kutoka. Kwa safari za nje, kati ya magurudumu kugusa ardhi na mgeni kuonekana mlangoni kuna foleni ya uhamiaji, kadi ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi ambazo abiria wake hutakiwa kuwa nayo, na mkanda wa mabegi. Saa nzima ni kawaida ndege mbili kubwa zikitua pamoja. Anayekaa Kariakoo anaweza kuondoka nyumbani ndege inapotua. Anayekaa Kibaha aondoke saa moja kabla, na aache namba yake ya simu kwa mgeni ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu laini ya ng'ambo huenda isishike mtandao wa huku.